Biblia ipo kando ya kitanda, siifungui tena

*Bwana Yesu asifiwe, Shangazi. Mimi ni mama ntilie, nina watoto watatu. Januari kikundi chetu cha akina mama kanisani tulikubaliana kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, na kila usiku kila mmoja aandike "Nimemaliza" kwenye grupu la WhatsApp. Mimi naamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa, jioni narudi miguu imevimba. Tulipofika Mambo ya Walawi usingizi ukanishinda, lakini niliendelea kuandika "Nimemaliza". Sasa ni miezi miwili nadanganya, na wenzangu wananipongeza. Biblia yangu ipo kando ya kitanda, nimeifunika kitambaa, hata kuigusa naona aibu. Je, mimi silipendi Neno la Mungu?*

Ameni, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu. Asiyelipenda Neno haoni aibu mbele yake. Angeiacha Biblia ishike vumbi, naye alale usingizi wake.

Tuanze na hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ili uimalize kwa mwaka lazima usome sura tatu au nne kila siku, bila siku ya kuumwa wala ya msiba. Wapo wanaoweza, na kwao ni baraka. Mwaka mmoja niliimaliza hata mimi, lakini Desemba nilipojiuliza ni neno gani limebaki moyoni, nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimekimbiza kurasa.

Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya BWANA "huitafakari mchana na usiku". Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni *hagah*, nalo ni neno la sauti: kunong'ona, kunguruma kwa chini. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na kwa hua anayelia. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu cha torati kisiondoke *kinywani* mwake. Kutafakari kwa namna hiyo hakuhitaji meza wala taa ya usiku. Unaweza kutafakari huku unachambua mchele.

Basi chukua Zaburi ya 23. Ina mistari sita tu, na najua mingi unaikumbuka. Mstari mmoja ukae nao wiki nzima. Uandike kwenye kikaratasi, ukifunge kwenye pindo la khanga pamoja na chenji, ili kila ukifungua kumrudishia mteja ukutane nao.

Mathalani ule wa tano: "Waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu." Mwanangu, wewe unaandaa meza kila siku ya Mungu. Unajua uzito wake: maji ya kunawa, sahani zilizofutwa, yule anayetaka mchuzi uongezwe, yule anayesema atalipa kesho. Sasa Daudi anasema kuna meza ambayo wewe ndiye umekaa, na Mungu ndiye anayepakua. Lini mara ya mwisho mtu alikupakulia chakula ukiwa umekaa? Kaa na swali hilo. Na siku maharage yanapobaki nusu sufuria saa tisa alasiri, wateja wamepotea, rudi kwenye mstari wa kwanza unaosema "Sitapungukiwa na kitu", umwulize Mungu waziwazi, "Mbona leo nimepungukiwa?" Usiogope kuuliza. Zaburi nyingi zimejaa maswali ya namna hiyo. Mariamu naye aliyoyasikia kwa wachungaji hakuyaelewa yote usiku uleule. Luka anasema aliyaweka, akiyafikiri moyoni mwake.

Walawi usikichukie. "Umpende jirani yako kama nafsi yako" imeandikwa humo, sura ya 19. Utakirudia siku ukiwa na nguvu, ikiwezekana na mtu wa kukufafanulia. Hata wakati wa Nehemia, Ezra alipowasomea watu torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri, Walawi, yaani watu wa kabila la Lawi, walikuwepo kuwaeleza maana. Ukishindwa kusoma, mwombe mwanao mkubwa akusomee unapoosha vyombo. Kusikia nako ni njia ya Neno.

Limebaki la uongo, na hapo sitakubembeleza. Usingizi haukuwa dhambi. Ile "Nimemaliza" ya kila usiku ndiyo inayokufunga mkono usiiguse Biblia. Usianze kwenye grupu, maana huko maneno hugeuzwa. Jumapili mwahi kiongozi wenu kabla ya ibada, umwambie hivi: "Mama, tangu Walawi sijasoma, na nilikuwa naandika uongo. Naomba mnisamehe. Nitaendelea mstari mmoja mmoja." Ishia hapo, usijitetee kwa mkaa wala miguu. Kisha mwenyewe uwaandikie wenzako maneno hayohayo. Sitashangaa wawili watatu wakikufuata pembeni kukwambia nao waliishia hukohuko.

Leo usiku kiondoe hicho kitambaa. Huna haja ya kusoma, iache tu wazi kwenye Zaburi ya 23. Kesho saa kumi, unapopepea mkaa, anza na ule mstari wa meza, kwa sauti ya chini watoto wasiamke.