Barua kwa mwanangu: Kwa nini namhesabu Tostão

Mwanangu,

Umeniuliza nawezaje kumweka Tostão pamoja na washambuliaji wakubwa wa Brazil, wakati alitundika daluga akiwa na miaka 26 tu, na Kombe la Dunia la 1970 alifunga mabao mawili, yote kwa Peru.

Ukitaka mabao, yapo. Mpaka leo hakuna aliyeifungia klabu yake ya Cruzeiro mengi kumzidi. Mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 19, aliongoza timu hiyo ya Belo Horizonte kwenye fainali ya Taça Brasil, kombe la klabu za Brazil, dhidi ya Santos ya Pelé, iliyokuwa imelibeba kombe hilo miaka mitano mfululizo. Hadi mapumziko Cruzeiro walikuwa mbele 5-0. Mechi ikaisha 6-2. Marudiano yakachezwa mjini São Paulo, Cruzeiro wakashinda tena, 3-2. Na mechi sita za kufuzu kwenda Mexico, kwenye hilo Kombe la Dunia la 1970, aliipachikia Brazil mabao kumi.

Lakini mimi simpendei hayo. Septemba 1969, kwenye mechi na Corinthians, beki alibutua mpira ukampiga usoni, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaachia kwenye jicho la kushoto. Akapelekwa Houston, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Miezi minane baadaye alikuwa Mexico, akaanza mechi zote sita. Fikiria kuruka kichwa kati ya mabeki huku ukijua jicho lako limeshikizwa na daktari.

Tena hakupangwa mahali alipozoea. Wengi waliona yeye na Pelé wanacheza nafasi moja, hawawezi kukaa pamoja. Kocha Zagallo akamweka mbele kama namba tisa, na Tostão akaicheza namba hiyo kwa akili: anawavuta mabeki, anaachia nafasi, anapiga pasi ya mguso mmoja. Mechi na Uingereza ilikuwa 0-0 mpaka alipowachambua mabeki upande wa kushoto, akageuka, akamimina krosi kwa Pelé, Pelé akamtengea Jairzinho, bao. Nusu fainali na Uruguay, Brazil wako nyuma, pasi yake ndiyo iliyomfikia Clodoaldo akasawazisha; bao la pili pia lilipita kwake kabla ya Jairzinho kufunga. Haya hayamo kwenye hesabu yako, na bila hayo sijui kombe lingekwenda wapi.

Kuhusu kuacha mapema: alikuwa ameshahamia klabu ya Vasco da Gama jicho liliposumbua tena, madaktari wakamwonya kwamba akiendelea anaweza kupofuka. Mwaka 1973 akaacha. Akarudi darasani, akasomea udaktari, akatibu wagonjwa na kufundisha wanafunzi wa tiba kwa miaka mingi, kisha akarejea kwenye soka kama mwandishi wa magazeti. Mimi hapo naona ujasiri uleule wa Mexico. Sikubali kabisa hayo yaitwe maisha ya soka yaliyokatika.

Tafuta fainali na Italia, bao la nne, lile la Carlos Alberto. Watu wote wanatazama chenga za Clodoaldo na pasi ya Pelé. Wewe mfuate namba tisa tangu mwanzo: yuko nyuma kabisa upande wa kushoto, anasaidia kuwapokonya Waitalia mpira. Halafu angalia yuko wapi mpira unapoingia wavuni, uniandikie umeona nini.

Mama yako