Peni idumu, au maandishi yadumu?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Kwa anayeandika shajara kila siku, peni ipi inadumu na haichoshi mkono?", limenigusa pabaya, ndiyo maana jibu langu ni refu. Mimi ni karani wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Alfajiri mitumbwi ikirudi naandika ndoo kwa ndoo: nani kachukua, nani kalipa, nani kakopa. Usiku naandika ya kwangu. Peni naijua, na ninachotaka kusema kwanza ni kwamba kudumu kwa peni si hoja. Peni ni kitu cha kuisha, ikiisha unakwenda dukani. Daftari likiacha kusomeka unakwenda duka gani?

Sisi wa huku tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Shuleni tulipelekwa Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone, tukaonyeshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, tukarudi. Sikuambiwa kwamba miezi michache kabla ya kufika Ujiji, akiwa Nyangwe huko Kongo, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa, kwa wino uliotokana na mmea. Wino ule ulififia hata kurasa hazikusomeka tena. Ilibidi wataalamu wazipige picha kwa mwanga wa aina nyingi, na mwaka 2011 ndipo maneno yake mwenyewe yakatolewa hadharani, pamoja na aliyoyaandika kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871. Yeye alipata watu wa kumfufulia maandishi. Marehemu shangazi yangu hakupata.

Shangazi, dada yake baba, aliuza mawese maisha yake yote. Alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970, na tangu hapo hakuacha. Kaunta buku moja ikijaa anaanza nyingine, zote anazipanga ndani ya sanduku la bati mvunguni. Ziwa Tanganyika lilipopanda, mnakumbuka wenyewe mwaka 2021 Kibirizi ilivyokuwa, maji yakaingia nyumbani kwake usiku. Watu wakatoa magodoro, masufuria, madumu ya mawese. Sanduku lilikumbukwa asubuhi.

Tulizitoa zimevimba, kurasa zimegandana. Nikatandika wavu wa dagaa juu ya kichanja, barazani, ili upepo upite juu na chini. Juani sikuthubutu kuzianika, maana jua kali hula wino wa biki. Nikachukua kisu chembamba cha samaki, nikawa napenyeza ncha pembeni na kufungua ukurasa mmoja mmoja. Shangazi alikaa kwenye kigoda, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Soma, baba."

Nikasoma. Kurasa za biki zilikuwa zimekunjamana, zimeshika kutu ya sanduku, lakini herufi zote zipo. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unazihisi, jinsi alivyokuwa akikandamiza. Mawese madumu mawili. Mvua. Jirani hajalipa. Treni imechelewa. Palipokuwa na alama ya kiganja chenye mawese, biki ilikuwa imeteleza na kuruka herufi, naye akarudia neno lile lile pembeni.

Halafu tukafika miaka ya karibuni. Mjukuu wake alikuwa amemletea kutoka Dar pakiti ya peni za jeli, za bluu, laini kweli kweli. Nikafungua ukurasa, hamna kitu. Karatasi nzima imekuwa ya samawati, imebaki mistari ya kiwandani tu. Nikafungua wa pili. Wa tatu.

"Huo unasemaje?"

"Hausomeki, shangazi."

"Na huo?"

Nikamwonyesha. Akauangalia sana, akasema, "Hapo niliandika habari za kaka yangu."

Kaka yake ndiye baba yangu. Shangazi ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, wakati mimi niko Mpanda natafuta maisha. Nilimwomba anisimulie aliyoyaandika. Alijaribu. Alisema baba aliomba migebuka siku moja, akala vizuri, na kwamba usiku alikuwa akiongea sana. Akiongea nini? Akafikiri, akachoka. "Yote niliyaandika humo," akasema.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo na kuwaambia: nunueni biki, basi. Na sababu zipo. Wino wa biki ni mzito, una asili ya mafuta, unasukumwa na kigololi kidogo cha chuma kigumu, ukishaingia kwenye karatasi maji ya kawaida hayautoi kirahisi. Wazo la kigololi na wino unaokauka haraka alilipigania László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, na Desemba 1950 Marcel Bich akaanza kuuza Ufaransa biki ile ya plastiki inayoonyesha wino, yenye pembe sita, ambayo mpaka leo iko mfukoni mwa kila karani hapa mwaloni. Jeli ni wino wa maji. Ndiyo maana inateleza bila kukandamizwa, na ndiyo maana nyingine zinaondoka na maji zilikotoka.

Lakini nikiwa naandika haya nimezikumbuka tena zile kaunta buku, na kuna jambo siwezi kuliruka. Kurasa za biki zilizosalimika zina mistari miwili, mitatu kwa siku. Zile zilizofutika zilijaa, juu mpaka chini, mbele na nyuma. Rangi ilikuwa imeenea mpaka kwenye kona. Shangazi alikuwa na baridi yabisi ya vidole. Kukandamiza kigololi kulimuuma, kwa hiyo kwa miaka mingi aliandika kidogo. Peni ya jeli ilipokuja ndipo akaanza kuandika habari ndefu. Kwa biki asingeandika siku za mwisho za baba. Angeandika: Kaka anaumwa. Mvua. Na mimi ningesoma hivyo hivyo, nione kwamba daftari limedumu.

Kwa hiyo mliouliza habari ya mkono kuchoka mko sahihi kuliko nilivyodhani asubuhi. Peni inayouma inafupisha maneno kabla maji hayajafika. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilikuwa na muda wa kuandika mchana kutwa. Biki ilinichosha kidole gumba mpaka nikawa nafupisha sentensi, nami sina ugonjwa wowote.

Msimamo wangu sasa ni huu, ingawa siutoi kwa moyo mmoja: mwenye mkono mzima aandike kwa biki, nyeusi au bluu. Mwili wa peni ukiwa mwembamba mno kwako, viringisha kipande cha tyubu ya baiskeli karibu na ncha upate pa kushika, ila usizibe kile kitundu cha ubavuni, kwa sababu hewa hupita hapo ili wino ushuke vizuri. Mwenye vidole vinavyouma, au mwenye mengi ya kusema, achukue jeli na asisikilize watu kama mimi. Peni zile zinazofutika kwa kusugua usizikaribishe kwenye shajara kabisa, maana joto huzifuta, na daftari lililosahauliwa kwenye dashibodi ya gari juani linaweza kubaki jeupe.

Tena jeli si zote sawa. Zipo zenye rangi iliyoyeyuka kwenye maji, hizo ndizo zilizomponza shangazi, na zipo zenye chembechembe za rangi zinazong'ang'ania karatasi. Muuzaji wa steshenari mara nyingi hatakuambia ni ipi, na bei haikuambii. Nunua moja tu kwanza. Andika mstari kwenye karatasi ya daftari lako, uache ulale mpaka asubuhi, kisha uzamishe kwenye kikombe cha maji hadi jioni. Ukitoka unasomeka, rudi ukanunue pakiti. Na kama unaishi karibu na maji kama sisi, daftari usiliweke mvunguni. Liweke kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati.

Msomaji wenu,
Kibirizi, Kigoma