Cypripedium isiyochipua: kabla hujailaumu baridi

Ndugu yangu, umeeleza kwamba okidi ya ardhini aina ya Cypripedium uliyoipanda Septemba iliyopita katika bustani yako kaskazini mwa Uingereza bado haijachipua, na unauliza kama baridi ndiyo iliyoiua. Nakusihi usiilaumu baridi, kwa kuwa mmea huu unaihitaji kwa miezi kadhaa ili uamke vizuri. Kinachouua mara nyingi ni maji yanayotuama kwenye mizizi. Fukua taratibu kwa vidole: ukikuta kichipukizi kigumu chenye ncha kama ya penseli, rudishia udongo na usubiri, lakini kikiwa cheusi na kimelainika, basi kimeoza.

Ukipanda upya, tumia changarawe ndogo kwa wingi pamoja na mboji kidogo ya majani, utandaze mizizi kama miguu ya buibui, kisha ufunike kichipukizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Usiweke samadi. Koa nao uwavizie usiku, maana kichipukizi kikitafunwa, maua ya mwaka huo yamekwenda.

Kwa anayeanza ningependekeza zaidi Dactylorhiza fuchsii, okidi nyingine ya ardhini, inayovumilia hata udongo mzito wenye unyevu. Nunua iliyooteshwa kitaluni. Kung'oa ya porini bila idhini ya mwenye ardhi kumekatazwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, tena ikitengwa na kuvu wa udongo wake wa asili mara nyingi hudhoofika na kufa.