Kabla ya kufundisha maadili wodini, kubali kutazamwa

Baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya haina utani. Wodini kila mgonjwa anajifunika blanketi hadi shingoni. Asubuhi ya namna hiyo, nikiwa mkufunzi mchanga wa uuguzi, nilisimama kando ya kitanda cha bibi mmoja wa Umalila, wanafunzi wanane nyuma yangu. Nikafunua blanketi, nikaeleza kidonda, nikajibu maswali. Bibi aliangalia ukutani tu. Jana yake nilikuwa nimefundisha ridhaa na staha ya mgonjwa saa mbili nzima.

Wiki mbili baadaye nikamkuta mwanafunzi akimfunua mgonjwa vilevile. Nikamkemea. "Samahani madam," akasema, "nilifuata ulivyotuonyesha kwa yule bibi."

Tangu hapo, nikipewa wakufunzi wapya niwaandae, slaidi naziweka kando kwanza. Nawapeleka wodini wawili wawili. Mmoja anafundisha, mwenzake anashika karatasi, na kidonda hakimhusu. Anatazama: kasalimu? Kajitambulisha? Kaomba ruhusa, akangoja jibu? Kavuta pazia? Kamfunika alipomaliza? Na kama mgonjwa hakielewi vizuri Kiswahili, katafuta muuguzi anayejua lugha yake, au kamtumia jirani wa kitanda cha pili kutafsiri? Hapo kwenye jirani ndipo siri nyingi zinapovuja, nasi tunaona tumesaidia.

Kiapo cha Nightingale, kile wanachokula wauguzi wakishika mishumaa, sikidharau. (Nightingale mwenyewe hakukiandika, kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893.) Lakini kinasomwa siku moja, na wodini tunaingia kila siku.

Wanachokwepa zaidi wakufunzi wapya ni kukiri kosa mbele ya wanafunzi. Nawaelewa. Niliporudi kwa wale wanane kuwaambia nilikosea, sauti ilikuwa inanitetemeka, na bibi alikuwa ameshatoka hospitali, radhi sikumwomba. Sikudharauliwa. Walianza kuniletea mambo waliyoyaona zamu za usiku, ambayo awali wasingethubutu kuyataja. Kwa hiyo mwombe inchaji, yaani msimamizi wa wodi, chumba, hata stoo, dakika 15 baada ya zamu, muyazungumze bila kutaja jina la mgonjwa wala la mhudumu. Siku nyingine hakuna atakayesema kitu, kaeni tu.

Karatasi ile hainiachi nami. Mwezi uliopita mkufunzi mpya alinitazama nikifundisha, na penye "kajitambulisha" akaandika: hapana.