Kabla ya kukodi GPU, angalia imeji kwanza

Juzi kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Kaka, nikirenda kwenye klaudi nichague imeji gani?" Kurenda ni kuigeuza modeli ya 3D kuwa picha au video, klaudi ni kompyuta za kukodi mtandaoni, na imeji ni mfumo na programu zinazokuja tayari ndani ya mashine unayokodi. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo lilinikosesha mteja.

Ilikuwa video ya nyumba za ufuoni, sekunde 20, kutoka ukumbini hadi bwawani. Kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni fremu 500. Laptopu yangu hapa Tudor ingemaliza wiki, tena stima isipokatika, na stima yetu mwaijua. Nikakodi mashine yenye GPU, kadi ya michoro inayorenda upesi kuliko CPU, prosesa ya kawaida; yangu ilikuwa T4 ya NVIDIA. Imeji nikachukua Ubuntu 22.04 tupu, mfumo wa Linux usio na ziada, kwa vile ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Blender, programu yangu ya 3D, nilipakua toleo la 4.2, ileile ya laptopu. Hapo sikukosea: ya apt, kisakinishi cha Ubuntu hiyo, ni 3.0, mafaili mapya huyavuruga. Nikaamuru kazi, nikalala kama sultani.

Alfajiri, mahamri mkononi, nafungua nakuta fremu 37. Thelathini na saba! GPU nayo ililala usiku kucha. Imeji haikuwa na draiva ya NVIDIA, programu inayoiwezesha mashine kuitumia kadi, na Blender haikulalamika. Ilirenda kwa CPU kimyakimya, huku nikitozwa bei ya GPU. Mteja nikamweleza, tiki zikageuka buluu, basi. Hadi leo nikipita Nyali naliona bango lake, picha za mtu mwingine. Na vivuli vyenyewe, wallahi, aibu.

Sasa sikiza. Chukua imeji yenye draiva ya NVIDIA tayari. Zile za kazi za akili unde zafaa, ingawa hula diski. Ukiingia, andika nvidia-smi. Usipoliona jina la kadi, zima. Hata ukiliona, usitulie: chaguo la GPU ulilofanya kwenye laptopu halisafiri na faili la .blend, kwa hivyo amri yako imalizie na -- --cycles-device OPTIX, inayoiambia Cycles, injini ya kurenda ya Blender, itumie kadi ya NVIDIA. Kisha renda fremu moja, uipime muda, uzidishe kwa idadi ya fremu zako. Vijana hatua hii hamuipendi, mwataka kubonyeza na kulala. Laleni, bili iko macho.

Ikikubali, ihifadhi mashine nzima iwe imeji yako mwenyewe. Nafasi yake utailipia kila mwezi, lakini hutaanza upya.

Yote haya nimemwandikia yule kijana. Kajibu: "Shukran kaka, si unipe tu hiyo yako?"

Bado nafikiria.