Maswali ya Wasomaji: Mbinu za Ushindi katika Poka ya Bila Kikomo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba, Mwanza. Jumamosi jioni hukutana na wenzangu kucheza poka ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (kila mmoja hushika karata mbili zake, na tano za wote hufunguka mezani kwa hatua: tatu, kisha moja, kisha moja), na madau yetu ya lazima ni shilingi 500 na 1,000. Hungoja karata nzuri kwa subira na hushinda mafungu madogo madogo ya fedha zilizowekwa mezani, lakini kila baada ya muda fungu moja kubwa hunisafisha kabisa. Mara ya mwisho nilishika ree na kingi, ree nyingine ikafunguka mezani, nikafuata dau baada ya dau hadi mwisho, kumbe mwenzangu alikuwa na nne tatu. Wananiambia nina roho ndogo, na kwamba siri ni kuthubutu kuweka zote. Je, mbinu ya ushindi hujifunzwa vipi? (Fundi, Kirumba)

JIBU: Ndugu Fundi, roho yako haina tatizo. Mtu anayeshinda mafungu madogo na kupoteza makubwa hawezi kuilaumu bahati, kwa kuwa bahati haichagui ukubwa wa fungu. Wenzako wamekwisha kukujua: ukiweka dau wanatupa karata, na yule asiyetupa ndiye aliyekwisha kukuzidi. Huyo mwenye jozi ya nne mkononi alijua kwamba nne ya tatu hufunguka katika karata tatu za kwanza mara moja tu katika nane au tisa, lakini alilipa shilingi 3,000 kuzitazama kwa sababu alijua pia kwamba ikifunguka, wewe utamlipa akiba yako yote kwa jozi moja ya ree.

Hapo ndipo mchezo wa bila kikomo unapotofautiana na karata nyingine tulizozoea. Tuseme mchezaji mmoja amepandisha dau hadi 3,000, mmoja amemfuata, na waliotoa madau ya lazima wamejitoa. Fungu ni 7,500. Kukiwekwa dau la ukubwa wa fungu lenyewe katika hatua zote tatu zinazofuata, na kila mara likafuatwa, fungu litapanda hadi 22,500, kisha 67,500, kisha 202,500, na kila mmoja atakuwa ametoa 97,500 zaidi ya zile 3,000 za mwanzo. Uamuzi wa kuendelea na karata ya wastani, ambao ulionekana wa bei nafuu mwanzoni, ndio uliokufikisha kwenye gharama hiyo. Kwa hiyo jifunze kuitazama jozi moja, hata ya ree, kuwa ni karata ya fungu dogo au la wastani, isipokuwa una sababu ya kuamini kwamba mpinzani hufuata kwa karata dhaifu kuliko yako.

Somo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni bei. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni hanunui gunia kwa kuwa dagaa wanang'aa; huuliza bei kwanza, kisha hukadiria atauza kwa kiasi gani. Chukua mfano: umeshika kopa mbili, mezani zimefunguka kopa mbili nyingine na karata moja ya aina tofauti, na fungu lina 20,000. Mpinzani anaweka 10,000. Unatakiwa kutoa 10,000 ili kuligombea fungu litakalokuwa 40,000, yaani unahitaji kushinda angalau mara moja katika nne. Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Ikiwa 10,000 hizo ndizo za mwisho alizo nazo, utaziona karata zote mbili zilizobaki bila kulipa tena, na nafasi yako ya kupata kopa ya tano, yaani karata tano za aina moja ambazo huishinda jozi, ni asilimia 35 hivi. Fuata bila kusita. Lakini akiwa bado na fedha nyingi mbele yake, umenunua karata moja tu, ambayo itakuwa kopa kwa asilimia 19. Katika mara 47 utapoteza 10,000 mara 38, jumla 380,000, na utapata 30,000 mara 9, jumla 270,000. Pengo ni 110,000, nalo ulizibe katika zile mara tisa ulizofanikiwa, yaani zaidi kidogo ya shilingi 12,200 kila mara, kutokana na madau yatakayokuja baadaye. Swali basi si kama una roho ya kufuata. Ni kama mpinzani huyu, akiona kopa ya tatu mezani, atakubali kukulipa kiasi hicho. Kwa mpinzani mwoga, tupa karata.

Nafasi ya kukaa nitaigusa kwa ufupi: anayeamua mwisho ameona wengine wote wamefanya nini, kwa hiyo cheza karata nyingi zaidi ukiwa na alama ya mgawaji, yaani ukiamua mwisho, na chache sana ukiwa wa kwanza kusema. Kuhusu fedha, tenga kiasi cha mchezo mbali na cha vipuri na ada za shule, uandike kila Jumamosi ulichoingia nacho na ulichotoka nacho, maana kumbukumbu ya mcheza karata ina upendeleo mkubwa kwa mwenyewe.

SWALI: Nimesikia kwamba kompyuta imekwisha kuwashinda mabingwa wa poka. Je, bado kuna maana ya kujifunza kuweka dau la kutishia kwa karata tupu? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Ulichosikia ni kweli. Mnamo Januari 2017, programu ya Libratus iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika michezo 120,000 ya bila kikomo, mmoja dhidi ya mmoja, huko Pittsburgh. Mwaka 2019 ikafuata Pluribus, iliyoshinda katika meza ya watu sita. Programu hizo hazisomi uso wa mtu, na bado hutishia mara kwa mara, kwa kipimo. Ukiweka dau la mwisho lenye ukubwa wa fungu, mpinzani anahitaji kuwa sahihi mara moja katika tatu ili kufuata kumlipe. Kwa hiyo katika kila madau matatu ya namna hiyo, moja likiwa la karata tupu, hana faida ya kufuata wala ya kutupa. Ukiweka nusu ya fungu, tisho lipungue liwe moja katika manne.

Hata hivyo, kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya mpinzani asiyekosea. Kama wenzako wa Ukerewe hufuata kila dau kwa udadisi wa kutaka kuona tu umeshika nini, punguza matisho hadi karibu na sifuri, na unapopata karata nzuri weka dau kubwa kuliko ulivyozoea.