Uliza, Tujibu: Kilo za Mtoto

SWALI: Jambo yenu. Niko mama wa watoto watatu hapa Golf, mtaa wa wenye pesa, kijana wangu wa mwisho ana miaka 4 na kila mtu akimuona anamuita bosi, mama mkwe ndo anafurahi kabisa na yale mashavu. Sasa dada yangu anaishi Birmingham, walipima mtoto wake shuleni kisha barua ikakuja ati amezidi kilo, na majirani zake, watu wa pesa kidogo kama yeye, wengi walipata barua kama hiyo. Mimi nilijua unene ni mambo ya wenye nazo, kumbe kule Bulaya masikini ndo wananenepa? Na mimi huku niogope ama niache?
Mama Dorcas, Lubumbashi

JIBU: Mama Dorcas, dada yako hakudanganyi. Uingereza wanapima kilo na urefu wa watoto wa shule wakiwa na miaka 4 au 5, kisha tena wakiwa na 10 au 11, kwa hiyo hesabu ziko wazi. Mwaka wa shule 2022/23, kwenye mitaa ya masikini kabisa, watoto 12.4% wa lile rika dogo walikuwa na unene wa kupindukia, mitaa ya wanaojiweza ni 5.8%. Wakifika lile rika kubwa ni 30.2% kwa 13.1%.

Si eti mama masikini wa kule hana akili, angalia tu pesa yake inanunua nini. Kule kitu cha kushibisha haraka kwa bei ndogo ni chips, kuku wa mafuta, keki za paketi, samaki na matunda ndo ghali, mama anatoka kazini amechoka, nyumba yenyewe iko ghorofani na pa kuchezea mtoto hapana. Huku kwetu cha bei ndogo ni bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), na mtoto wa mtaa wa kawaida kama Katuba anaenda shule kwa miguu, akirudi anafukuza mpira mpaka giza. Ni mwenye pesa anayenunua sikre (soda) kila siku na mayonezi juu ya chips, anampeleka mtoto kwa motokari, akifika nyumbani anampa telefoni anyamaze. (Sisemi ni wewe, mama, lakini unacheka.) Ila hata huku mambo yanageuka, biskwi na jusi za unga ziko kila kibanda cha mitaa yetu ya Kenya na Ruashi, bei ya mtoto kabisa, usidhani unene utabaki Golf milele.

Kama uogope? Kwanza usipime kwa mashavu. Chini ya miaka 5 kilo inalinganishwa na urefu, kwa vipimo vya OMS (Shirika la Afya Duniani) vya 2006: ikipita mstari wa +2 kwenye mchoro wa vipimo hivyo uzito umezidi, ikipita +3 ndo unene wa kupindukia. Mpeleke siku ya CPS, ile kliniki ya kupima watoto wadogo, najua wamama wa Golf chanjo ikiisha hamurudi tena huko. Na kama kweli amezidi usimnyime chakula, bado anakua, ondoa sikre umpe maji. Kola ya nusu lita ina sukari kama gramu 50, vijiko 12 vya chai hivi, vipime kwa sahani mbele ya mama mkwe aone mwenyewe. Telefoni na televisheni zisipite saa moja kwa siku, na acheze, akimbie, masaa matatu yote ukijumlisha.

SWALI: Mtoto wa dada yangu ana miaka 2, alikuwa mwembamba sana, sasa wiki hizi uso na miguu vimenona, ila nywele zimekuwa nyekundu nyekundu, hataki kula, analia tu. Bibi yake anasema anapona. Ni kweli?
Mjomba, Katuba

JIBU: Hapana mjomba, na usingoje. Hayo si mafuta, ni maji. Bonyeza kidole gumba juu ya mguu wake, hesabu sekunde 3, achia. Kama shimo linabaki, na mguu wa pili vilevile, hiyo ni kwashiorkor, utapiamlo ule mkali kabisa. Nchi yetu, uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta watoto 43% wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, kwa hiyo mtoto mfupi mwenye uso mnene usimhesabu na wale wa Golf. Mpeleke leo leo, na kwa kuwa hataki kula ulizia hospitali yenye UNTI, wodi ya kutibu utapiamlo mkali, huko wana maziwa maalumu wanayompa kidogo kidogo. Msimlazimishe kula bukari nyingi ati apate nguvu, na vidonge vya kukojoza, hata kama mtu wa farmasi anasema vinatoa maji, msimpe.